Barua Ambayo Bingwa Hakuisaini

Niseme ukweli mapema, maana siku hizi wanafunzi wake wa zamani wakimzungumzia wanaongea kwa sauti ya chini utadhani wako msibani, na mama wa watu yu hai, mzima, anakula. Mie nilimchukia. Si kwa miaka mingi, lakini nilimchukia sawasawa, na sababu ni barua ya ukurasa mmoja na nusu iliyotakiwa kutumwa kabla ya Ijumaa saa kumi jioni. Nilikuwa nimepata nafasi ya kwenda nje miaka miwili kusomea utafiti wa magonjwa ya ubongo. Kilichobaki kilikuwa barua ya mapendekezo kutoka kwa mwalimu wangu. Mwalimu wangu alikuwa amekaa mbele yangu, kalamu iko mkononi, chai ya tangawizi iko pembeni, na hasaini.

Tulimwita Bingwa. Kila daktari aliyesomea zaidi huitwa daktari bingwa, hakuna ajabu hapo, lakini kwetu sie jina lilikuwa lake peke yake. Mbele yake tulisema Daktari. Akina mama wa Mwananyamala walimwita Mama Nyundo, kwa sababu ya kile kinyundo cha mpira cha kugongea magoti, ambacho hakikutoka kwenye mkoba wake hata akienda harusini. Alikuwa Muhindi wa hapahapa mjini, mfupi, miwani imefungwa kwa uzi, na Kiswahili chake cha Kariakoo kiliweza kukuvua nguo bila kutumia tusi hata moja. Mwezi wa Muharram, ambao Mashia huomboleza, alivaa nyeusi kuanzia kichwani mpaka viatuni, na wagonjwa wa zamani waliokuwa wakijua walimpa pole kabla hajawauliza hali zao.

Kazi yake ilianzia dirishani. Chumba chetu cha kliniki kilikuwa ghorofa ya kwanza, kinatazama geti, na Bingwa aliamini kwamba mgonjwa wa mishipa ya fahamu anajieleza vizuri zaidi pale ambapo hajui anatazamwa. Alitupanga dirishani saa moja na nusu asubuhi kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani.

"Yule wa kanga ya kijani. Mguu upi?"

"Wa kushoto, Daktari."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Mama wa kanga ya kijani akifika juu, ikionekana ni mguu wa kulia, Bingwa alikutazama na kusema, "Basi mwombe radhi." Hakuwa anatania. Ilibidi usimame mbele ya mgonjwa useme, samahani mama, nimekusingizia mguu wa kushoto. Wengine walicheka, wengine walidhani tumechanganyikiwa. Nimeomba radhi kwa miguu mingi sana katika mwaka wangu wa kwanza.

Alikuwa na maneno yake ambayo mpaka leo nayasema bila kujua. "Usiniletee jibu, niletee ulichokiona." Hilo alilisema mara ngapi kwa siku sijui. Lingine: "Mgonjwa hadanganyi, anachagua." Na mtu akija na maelezo marefu yenye majina makubwa ya magonjwa, alimwacha amalize, kisha akauliza kwa upole wa kutisha, "Na yeye mwenyewe anasema anaumwa nini?" Hapo ungemwona daktari mzima anapekua daftari la mgonjwa anatafuta sentensi ambayo hakuiandika.

Alikuwa mgumu wa muda. Mlango wake ulifungwa saa moja na nusu kamili, na ukichelewa ulikaa kwenye benchi pamoja na wagonjwa mpaka mapumziko ya chai. Lakini mwanamke huyohuyo hakuwahi kufika kwa wakati kwenye kikao chochote cha wakubwa. Walikuwa wakija wageni wa miradi kutoka nje, mezani maji ya chupa, kila mtu na kadi ya jina kifuani, na Bingwa anaingia baada ya saa nzima akiwa na mfuko wa nyanya. Anaweka nyanya juu ya meza. Anauliza, "Mmefika wapi?" Nilimuuliza siku moja kwa nini anafanya vile. Akasema wale wanalipwa kusubiri, mgonjwa halipwi.

Na wageni hao, jamani. Alikuwa akiwasema. "Wanakuja na boksi tupu, wanaondoka na boksi la damu yetu, halafu miaka miwili baadaye tunasoma habari zetu kwenye majarida yao." Aliwabana maswali mpaka wakaloa jasho: sampuli zitakaa wapi, jina la nani litatangulia, daktari gani wa hapa atafundishwa nini. Halafu jioni ileile aliwabeba wote kwenda nyumbani kwake Mikocheni kula pilau, akawajazia sahani, akawauliza habari za watoto wao. Mie nilikuwa sielewi. Nilidhani ukigombana na mtu unagombana naye mpaka mwisho.

Ila jambo alilolishika kwa nguvu kuliko yote lilikuwa nafasi. Sie wa mishipa ya fahamu ni wachache nchini. Unaweza kutualika wote chakula cha mchana na ubwabwa ukabaki. Kwa hiyo kila nafasi iliyotangazwa popote duniani, Bingwa aliifahamu: mwaka mmoja wa kusomea kifafa, nauli ya kwenda mkutanoni, kifungu kidogo cha kuanzia utafiti, programu ya kulelewa na mtafiti mzoefu. Alizichapa kwa wino wake mwenyewe, akazibandika nyuma ya mlango wa kliniki kila Jumatatu, masharti yote yamezungushiwa kalamu nyekundu. Umri. Miaka tangu uhitimu. Lazima urudi nyumbani. Hilo la kurudi alilizungushia mara mbili.

Halafu alikukamata. Hukupona. "Wewe, hii ya pili umeiona?" Ukisema hujaisoma, chai yako imeingia nzi. Ukiandika maombi ukampelekea, yalirudi yamejaa wekundu. Nakumbuka mara yangu ya kwanza niliandika kwamba nina shauku kubwa ya kuhudumia jamii yangu. Akaiweka karatasi mbali kidogo na macho, kana kwamba inanuka.

"Shauku. Kila mtu ana shauku. Jumanne umefanya nini?"

"Jumanne ipi, Daktari?"

"Yoyote. Mtu anayetoa nafasi anataka kujua Jumanne yako."

Nikaandika Jumanne yangu. Nikaandika mgonjwa wa kiharusi aliyekuja amebebwa na shemeji zake, na jinsi nilivyomfundisha mkewe kumgeuza kitandani. Ile nafasi ndogo ya nauli nikaipata. Kwa hiyo sisemi kwamba hakunisaidia. Alinisaidia, na ndiyo maana iliniuma mara mbili.

Kuna jambo moja ambalo wote tulilijua na hatukulizungumza. Bingwa alikusukuma uende, lakini siku ya kuagwa hakuja. Tulifanya sherehe ndogo kwenye chumba cha mikutano, soda na sambusa, na yeye alituma keki kutoka duka moja la Mikocheni, keki nzuri, jina lako limeandikwa juu kwa krimu. Mwenyewe alibaki wodini. Jumatatu inayofuata, kabla ndege yako haijapaa, alishaanza kukuita "yule aliyetuacha". Waliorudi walikuwa wachache. Kila aliyebaki huko alikuwa na sababu nzuri sana, na wote walimtumia salamu za sikukuu.

Sasa nije kwenye langu.

Nimekulia Tandika, upande wa Temeke. Bingwa aliponikasirikia aliniita Dokta wa Temeke, na akinifurahia aliniita hivyohivyo, kwa hiyo ilibidi usikilize sauti. Nyumbani kwetu mjomba wangu alikuwa na kifafa, na hakuna aliyelitaja neno hilo. Tulisema "mambo yale". Mjomba amepatwa na mambo yale. Ndiyo sababu utafiti wangu ulihusu wagonjwa wa kifafa na kwa nini wanaacha dawa. Nilichukua majalada ya kliniki mbili, moja upande wa Kinondoni na moja upande wa Temeke, nikafuata kila mgonjwa kwa mwaka. Nikaona kitu cha kushtua: wengi sana wanahudhuria mara mbili au tatu, halafu wanapotea. Nikaandika wameacha dawa. Nikaeleza sababu: umaskini, imani za mashetani, kutojua. Watu wa ile nafasi ya miaka miwili wakaipenda kazi, wakanikubali, wakabakiza barua ya mwalimu tu. Nyumbani mama alishaanza kumwambia kila jirani kwamba mwanawe anaondoka.

Jumatano saa nane mchana nikaingia kwa Bingwa na karatasi zangu. Alikuwa amezisoma zote, hata viambatisho, ambavyo hakuna binadamu huvisoma. Akachukua kurasa mbili, akaziweka mezani ubavu kwa ubavu.

"Huyu nani?"

"Mgonjwa wa kliniki ya Temeke, Daktari. Mwanamke. Alikuja mara tatu, akaacha dawa."

"Na huyu?"

"Huyu wa upande wa Kinondoni. Mwanamke pia. Anahudhuria vizuri."

"Soma mkono."

Nikasoma. Wa kwanza: kovu la moto, mkono wa kushoto, kutoka kiwiko hadi kidole kidogo, aliangukia jiko la mkaa akikaanga. Nikasoma wa pili. Kovu la moto, mkono wa kushoto, kutoka kiwiko hadi kidole kidogo. Nilikuwa nimeliandika mwenyewe, mara mbili, kwa mwandiko wangu, na sikuona.

"Mwili haubadilishi jina," akasema. "Watu ndio wanabadilisha."

Moyo ulishuka. Si kwa sababu ya ukurasa ule mmoja. Ni kwa sababu nilijua papo hapo kwamba wapo wengine, na nilijua kwa nini, na hapakuwa na mtu kwenye jengo lile zima aliyepaswa kujua kuliko mie. Kwetu hakuna mtu anayeupeleka ugonjwa ule hospitali ya jirani. Muuguzi anakufahamu, wifi yako amekaa kwenye benchi na mtoto wake mwenye mafua, na kabla hujafika nyumbani mtaa umeshajua. Unaanza karibu kwa sababu umebanwa, halafu ukipata nguvu unavuka mji. Wa Temeke wanakwenda Kinondoni, wa Kinondoni wanakuja Temeke. Na kule unatoa jina lingine, la shangazi, la utotoni, lolote, hasa kama ni binti na kuna posa, maana upande wa mwanamume hutuma watu kuulizia. Mama yangu alimpeleka mjomba kwa mabasi mawili kila mwezi. Mie nilikuwaga nawabebea chupa ya maji. Halafu nimesoma miaka yote hiyo, nimekaa mezani, nimeandika kwamba watu wetu wamekataa dawa.

"Nitarekebisha, Daktari," nikasema. "Tuma barua, mie nitarekebisha nikiwa kule."

"Ukiwa kule utarekebisha nini? Wagonjwa wako huku."

"Nafasi yenyewe ni moja. Mwakani nitakuwa nimepitwa na sharti lao la miaka."

"Najua. Nimelisoma kabla yako."

"Basi nisaidie, Daktari. Nakuomba."

Aliweka kalamu chini. Nakumbuka alivyoiweka, polepole, sambamba na ukingo wa meza.

"Hawa watu umewaandika wameikimbia dawa. Wamepanda mabasi mawili kuifuata. Hilo silisaini."

Nikatoka. Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi wodini kuona wagonjwa. Alhamisi hakunitazama. Ijumaa saa tisa nikaenda tena, nimejiandaa kupiga magoti kama ikibidi, sitanii. Hayupo. Sista wa zamu akaniambia ameondoka mapema, ana shughuli Ubungo. Nikapiga simu, ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Nikakaa kwenye benchi la wagonjwa, lile lile la waliochelewa, nikaiangalia saa ya ukutani ikifika kumi. Nilipofungua ukurasa wa maombi kwenye simu, palikuwa na mstari mmoja tu unaosema muda umekwisha.

Jumatatu ikaletwa keki. Haikuwa yangu. Ilikuwa ya mwenzangu tuliyeanza naye mwaka mmoja, aliyepata nafasi kama yangu nchi nyingine. Bingwa alikuwa amemsainia wiki ileile. Kazi yake niliifahamu, nilimsaidia kuiandika, na ilikuwa na mashimo ya kupitisha lori. Nilisimama pale na kipande cha keki kwenye karatasi, nikatabasamu, nikampongeza, nikasema Mungu akutangulie braza. Ndani nilikuwa nawaka. Hapo ndipo nilipomchukia Bingwa kama nilivyosema.

Jumamosi iliyofuata, saa mbili asubuhi, akanipigia. "Uko wapi? Niko Tandika, sokoni. Njoo tuhesabu upya."

Nilikwenda. Sijui kwa nini nilikwenda. Nadhani nilitaka kumwonyesha kwamba sijavunjika. Nikamkuta hana koti la daktari, ana kikapu, ndani yake orodha ya anwani kutoka majalada ya Temeke. Alishafikiria yote: hatuwezi kuingia nyumba za watu kama madaktari, tutawaumbua. Mwanamke mwenye kovu alikuwa fundi wa kudarizi mashuka, kwa hiyo sie tulikuwa wateja wa mashuka. Na kweli tukanunua. Kila nyumba Bingwa alinunua kitu ili ziara iwe na sababu. Kwa wiki sita tulizozunguka alirundika mashuka, mito, vikapu vya ukindu na birika ambalo halikuwa na mfuniko.

Kwa fundi wa mashuka palikuwa na shida. Mama yake alitupokea mlangoni, akatukazia macho, akasema kwa sauti ya juu, "Karibuni, wifi zake wapo humu ukumbini, mashuka yenu yako tayari." Tukaelewa. Binti alikuwa ameolewa miezi michache nyuma na upande wa mume haujui. Wanawake watatu walikuwa wamekaa mkekani wanatutazama. Binti akatoka, amevaa mikono mirefu katika joto lile, akatukunjulia shuka. Alimtambua Bingwa, na mie alinitambua, na alidhani tumekuja kummaliza.

Bingwa akashika shuka, akalikagua ncha kwa ncha. "Yale niliyokuachia mwezi uliopita, unayafanyia kazi asubuhi na jioni?"

"Sijakosa hata siku moja, mama."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Nayafuata kulekule. Siwezi kuyafuata hapa karibu."

"Vizuri. Endelea hivyohivyo. Shuka hili bei gani?"

Wifi mmoja akasema shuka ni zuri. Bingwa akakubali, akalipa, tukaondoka. Tulitembea mpaka barabarani. Kisha akaniambia, "Andika. Hajaacha dawa." Nikaandika, nimesimama kwenye kona ya duka la mkaa, na chozi likanidondokea kwenye karatasi, na sikujua kama ni la yule binti au la nafasi yangu.

Tulimaliza. Wengi niliowaandika kwamba wameacha dawa walikuwa hawajaacha. Walikuwa wamevuka mji. Kazi ikatoka upya, jina langu mbele, lake nyuma, alivyotaka yeye. Kliniki zile mbili zikaanza kutoa kadi isiyotaja ugonjwa, na mgonjwa akaruhusiwa kuchukua dawa upande wowote bila kuulizwa sana. Kwa hilo najivunia mpaka leo. Mwaka uliofuata nikaomba tena ile nafasi, wakanijibu kwa heshima kwamba nimepitwa na miaka. Nikabaki. Nikawa bingwa hapahapa, nikarithi dirisha, na Bingwa alipostaafu nikarithi na ule mlango wa matangazo.

Na kisa hiki nikakigeuza somo. Niliwasimulia wanafunzi wangu kila mwaka: mwalimu aliyenikatalia saini kwa sababu ya ukweli. Nilikuwa nakisimulia vizuri, kwa kituo na mapozi. Kovu, kalamu sambamba na meza, mashuka. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nimeshamsamehe na hata nimeanza kujisifia kwamba nimefundishwa na mtu wa namna hiyo. Ya mwenzangu na keki yake nilikuwa siyasemi.

Mwaka huu, mvua za masika zilipokatika, nilimtembelea Mikocheni. Nyumba yake iko nyuma ya kiwanda kidogo cha mifuko, mashine zinasikika mpaka sebuleni, na yeye anasema hazisikii tena. Magoti yamechoka, anatembea akishika viti. Nilisema shikamoo Daktari, akasema marahaba, akanitazama kutoka mlangoni hadi kwenye kiti nilivyokuwa natembea, tabia haikufa. Akaniwekea chai na mkate wa mchele.

Nilikuwa nimekuja na jambo. Kliniki nimebaki na daktari mmoja tu anayejifunza chini yangu, anaitwa Rehema, mama wa mtoto mmoja, hodari kuliko nilivyokuwa mie. Amepata nafasi ya miaka mitatu nje, na anahitaji barua yangu kabla ya wiki kwisha. Nikamweleza Bingwa kwamba utafiti wa Rehema una makosa, nimeyakuta mwenyewe, na nafikiri nimzuie mpaka ayasafishe.

"Nataka nimfanyie kama ulivyonifanyia," nikasema. Nilitegemea atafurahi.

Hakufurahi. Alikoroga chai ambayo alishaikoroga.

"Makosa yenyewe yanarekebishika?"

"Yanarekebishika."

"Kwa muda gani?"

"Siku mbili, tatu."

"Na lako lilikuwa la siku mbili, tatu."

Nikadhani amesahau. Nikamkumbusha zile wiki sita, Tandika, mashuka. Akatikisa kichwa.

"Kuhesabu upya ndiyo wiki sita. Lakini kwa barua? Tungekaa Alhamisi, wewe na mie, tukafuta ile sura, ukaandika kwamba umegundua watu wanavuka mji na unataka kujua wangapi. Wangekupenda zaidi. Ijumaa asubuhi ingekuwa imeshakwenda."

Mashine za kiwanda zilikuwa zinasikika.

"Sasa kwa nini hatukukaa?"

"Kwa sababu ungeondoka."

"Mwenzangu ulimsainia."

"Yule sikuhitaji arudi." Alisema hivyo bila kuinua sauti. "Nilikuwa nimebakiza miaka michache kazini, nina kliniki mbili, na wewe. Nikatafuta kosa kwenye kazi yako, nikalipata. Lilikuwa kosa la kweli, ndiyo maana ilikuwa rahisi. Ile Ijumaa sikuwa Ubungo. Nilikuwa hapa, nimekaa kiti hichohicho, naangalia simu inaita."

Nilitaka kusema mengi. Nilitaka kumwambia habari za mama yangu alivyorudi kwa majirani kuwaambia safari imeahirishwa, na alivyoendelea kusema imeahirishwa mpaka akaacha kuulizwa. Nilikasirika kama siku ile ya keki, labda zaidi, kwa sababu safari hii hapakuwa na ukweli wa kujifichia. Na chini ya hasira palikuwa na kitu kibaya zaidi: nilikumbuka jinsi nilivyofurahi nilipoyaona makosa ya Rehema. Nilifurahi. Niliyapigia mstari mwekundu huku nikijisikia mwepesi.

"Ungeniambia," nikasema.

"Ungebaki kama ningekuambia?"

Nisingebaki, na yeye alijua. Akaniambia ninywe chai, inapoa. Sikuinywa. Niliaga kwa heshima, maana ni mtu mzima na ni mwalimu wangu, na nikaenda zangu. Bado sijarudi kumwona. Nitarudi, lakini bado.

Asubuhi yake nilimwita Rehema ofisini. Nikampa karatasi mbili. Moja ilikuwa orodha ya makosa yake manne, nimeyaandika kwa mkono, bila kumhurumia. Nyingine ilikuwa nakala ya barua, na ndani yake nimesema makosa yapo, ameshayajua, anayarekebisha, na kwamba ndiye daktari bora niliyewahi kumfundisha. Alianza na makosa. Uso ukambadilika.

"Daktari, nikirekebisha haya ndiyo utaituma?"

"Nimeshaituma, leo asubuhi."

Akasoma barua. Akaisoma tena. Halafu akatazama dirishani, ambako wagonjwa walikuwa wanaingia getini wengi kwa wengi, na wa kwanza alikuwa anavuta mguu, wa kulia nadhani.

"Na kliniki, Daktari? Utabaki na nani?"

"Hilo halimo kwenye barua," nikamwambia. "Kaa hapa tuanze na kosa la pili, ndilo gumu."